Swali la Lugha: Mguu "usiosikia" umepooza au umekufa ganzi?

Swali: Msomaji wetu, mwanafunzi wa tiba ya viungo hapa Nairobi, anaeleza kwamba katika mtihani wa vitendo alikabidhiwa mgonjwa wa kisukari aliyemwambia, "Mguu wangu wa kulia hausikii." Mwanafunzi aliandika kwamba mguu huo umepooza, na mtahini akamkata alama kwa hoja kwamba ilipasa aandike kuwa umekufa ganzi. Anauliza kama maneno hayo mawili si kitu kimoja, na tena kama ni sahihi kusema "amepoozwa".

Jibu: Ndugu mwulizaji, maneno hayo si kitu kimoja, na mtahini alikuwa na haki, ingawa naelewa vizuri jinsi ulivyoteleza, kwa sababu utelezi umo katika kitenzi alichokitumia mgonjwa mwenyewe. Katika Kiswahili, kusikia si kazi ya sikio peke yake. Husema tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu, na hapo kitenzi hiki kina maana ya kuhisi. Lakini mzazi akilalamika kwamba mtoto wake hasikii, hamaanishi kwamba mtoto ni kiziwi, bali kwamba hatii. Basi mguu usiosikia unaweza kuwa mguu usiohisi mguso, na unaweza pia kuwa mguu unaoamrishwa kuinuka ukakataa. Wewe ulichukua maana ya utii, naye mgonjwa alikusudia ile ya hisi.

Kupooza kunahusu mwendo. Kiungo kilichopooza kimepoteza uwezo wa kujongea, wote au baadhi yake. Ganzi inahusu hisi: mguso, joto, maumivu. Mfano unaoyatenga maneno haya waziwazi kuliko mwingine wowote ni polio, ambayo watu wengi huiita ugonjwa wa kupooza. Virusi vyake hushambulia chembe za neva zinazoamrisha misuli, zilizomo ndani ya uti wa mgongo, na kuziacha zile zinazoleta hisi. Kwa hiyo mtu aliyepooza mguu kwa polio huhisi mwiba ukimchoma, ila hawezi kuuondoa mguu kwa wepesi. Mgonjwa wako wa kisukari yuko upande wa pili. Mara nyingi neva za hisi za nyayo ndizo zinazotangulia kuharibika, hivyo anaweza kutembea mwenyewe hadi hospitalini huku msumari umeingia katika kisigino chake asijue. Kumwandikia kwamba amepooza ni kumpeleka kwenye mazoezi ya nguvu, wakati anachohitaji kwanza ni kukaguliwa nyayo kila siku na kupewa viatu vya kumkinga na vidonda. Ndiyo maana silioni suala hili kuwa la msamiati tu.

Aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuwa na yote mawili, na fomu ya kimataifa ya kumpima, ambayo bila shaka mmeisoma, imeyatenganisha: hisi hupimwa kwa pamba na pini katika sehemu 28 za ngozi kila upande, kwa alama 0 hadi 2, na nguvu hupimwa katika misuli 10 kila upande, kwa alama 0 hadi 5. Alama 0 ya nguvu ndiyo kupooza kabisa. Alama 4, ambapo mgonjwa huinua mguu na kuhimili msukumo kiasi, singeiita kupooza mbele ya mgonjwa, kwani neno hilo humtisha. Semeni mguu umepungua nguvu.

Jihadharini pia na "mguu umekufa". Kufa hutumika kwa chochote kilichoacha kazi yake, hata saa na gari, kwa hiyo peke yake hakuonyeshi kama kilichopotea ni hisi au mwendo. Kukiongezwa "ganzi", shaka inaondoka. Katika chumba cha mtihani usimwulize mgonjwa "Unasikia?", maana anaweza kujibu kwamba anakusikia vizuri. Mwombe afumbe macho, umwambie, "Nikikugusa, sema ndiyo," kisha kando kabisa na hilo, "Inua mguu, usiniache niushushe." Katika ripoti, andika kwanza maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, halafu ulichokipima.

Kuhusu swali lako la pili, sema "amepooza". Kitenzi hiki kwa maana ya maradhi hakihitaji mtendaji, kama vile tunda lililopooza, ambalo limedumaa mtini bila kukomaa. Kipo kitenzi kingine chenye umbo hilohilo, kitokanacho na kupoa, na hicho ndicho kinachokubali umbo la kutendwa: uji hupoozwa kabla ya mtoto kunyweshwa.