Malishoni au bandani? Uliza kwanza ng'ombe amekula nini

Mgeni wa ufugaji hapa Njombe huanza na swali moja: nimtoe malishoni au nimfungie bandani? Ukiwauliza wazee wawili utapata majibu matatu. Anayechunga atakwambia ng'ombe wa kufungiwa huharibika kwato na joto lake, yaani siku za kutaka dume, hulioni mpaka limepita. Wa bandani atakwambia ukimtembeza, maziwa yanaishia miguuni. Kila mmoja anasema kweli, kwa ng'ombe wake.

Mimi nilianza kwa kuchunga. Mtamba wangu wa kwanza, chotara wa Friesian, alizaa Februari, mvua zikiwa zimekolea, akanipa lita 11 kwa siku. Nikajiona bingwa. Kufika Agosti baridi ilikuwa imeunguza nyasi zikabaki kama ufagio, na nilikuwa nakamua lita 4. Maziwa hupungua yenyewe kadiri miezi inavyosogea tangu kuzaa, hilo najua, ila si kwa kuporomoka namna ile. Nikalaumu mbegu, nikamlaumu na kijana mchungaji. Kumbe nilikuwa nahesabu saa alizokaa malishoni, si kilichoingia tumboni.

Basi nikamfungia, na nikakosea tena.

Piga hesabu hii kabla hujajenga banda. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu (uzito wa chakula ukiondoa maji yake) kama asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia, yakiwa mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kilo 12 hizo ni kama kilo 60 za majani, na zaidi yakiwa machanga. Ni mizigo mitatu ya kichwani, kila siku, hata siku ya msiba. Mimi nilikuwa naleta mmoja na nusu, tena wa mabua yaliyonipita urefu. Yakate yakiwa kama mita 1. Ukiyaacha yarefuke unapata wingi, lakini ng'ombe anachagua majani na kukuachia miti.

Maji ndiyo yaliyonishangaza. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87, na mimi nilikuwa nampeleka mtoni mara moja kwa siku. Nilipoweka pipa lililokatwa, likawa na maji usiku kucha, maziwa yalipanda ndani ya wiki kabla sijaongeza hata debe la pumba.

Siku hizi nachanganya. Masika anatoka baada ya kukamuliwa asubuhi, anarudi jua likiwa kali, jioni anakuta mabingobingo, na pumba na mashudu ya alizeti wakati wa kukamua. Kiangazi hatoki. Anakula hei, nyasi za kukausha na kuhifadhi, niliyovuna zikianza kuchanua, si zile zilizojikaukia shambani Julai. Hizo ni matandiko. Kuogesha dhidi ya kupe siachi hata akiwa bandani, maana kupe huja na majani, na ndigana kali, ugonjwa wanaouleta, haiulizi unafuga kwa mtindo gani.

Nunua daftari kabla ya ndoo ya pili. Andika lita za asubuhi na za jioni, na pembeni andika ulichobadilisha siku hiyo. Daftari langu la mwaka wa kwanza lina bei za pumba tu, ndiyo maana mpaka leo sijui yule mtamba alianza kushuka wiki gani.