Jasho Nalo Ni Maji: Namna Ninavyochagua Koti Jepesi la Mvua

Mwaka wangu wa pili wa kuongoza wageni Kilimanjaro nilinunua koti jipya la mvua, likiwa bado linaning'inia karatasi yake ya maelezo, kwa bei ambayo nyumbani sikuthubutu kuitaja. Tuliingia lango la Marangu mchana wa mwezi Novemba, vuli ikiwa imeshika kasi, na tulipofika kambi ya Mandara baada ya saa tatu za kupanda msituni, shati langu lilikuwa limelowa chepechepe tangu mabegani hadi kiunoni. Nilimlaani muuzaji kwa sauti. Mpagazi mmoja aliyenizidi umri na safari alilichukua koti lile, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole mgongoni kwake na kukigusisha ulimini. "Mvua haina chumvi, mdogo wangu," alisema, akanirudishia koti langu na kwenda kutafuta chai.

Tangu siku hiyo silichagui koti la mvua kwa kuuliza tu kama linazuia maji. Makoti mengi yanazuia maji, na hata mfuko wa plastiki wa kubebea taka unazuia maji. Swali linalonishughulisha ni jasho langu litapita wapi nikiwa ninapanda mlima huku mvua inanyesha, kwa sababu mtu anayetembea na mzigo mgongoni hutoa maji mengi kuliko anavyodhani.

Makoti mepesi yanayosifiwa kwamba yanazuia mvua na kupitisha jasho hutegemea utando mwembamba uliobandikwa au kupakwa upande wa ndani wa kitambaa. Utando uliopata umaarufu wa kwanza, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore wa mwaka 1969, alipoivuta kwa ghafla ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, ikatanuka na kuacha vitundu vidogo mno. Tone la maji ni kubwa kuliko vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho unapenya. Siku hizi kampuni nyingi zina tando zao, na zile za bei nafuu kwa kawaida ni tabaka la polyurethane, aina nyingine ya plastiki, lililopakwa moja kwa moja juu ya kitambaa.

Jambo ambalo karatasi ya maelezo haisemi ni kwamba mvuke hautoki kwa sababu koti ni zuri, bali kwa sababu ndani ya koti kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Tofauti hiyo ikiwa ndogo, mvuke hauna kinachousukuma. Hii ndiyo sababu koti moja linaweza kukufaa sana huko juu kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako hewa ni ya baridi, na likakuadhibu katika msitu wa chini ambako hewa yenyewe imeshiba maji na mwili unachemka. Msitu huo ndio hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima. Kwa maneno mengine, pale unapolihitaji koti zaidi ndipo utando wake unapofanya kazi kidogo zaidi. Hali ni hiyohiyo Uluguru, Usambara na katika matope ya Rwenzori.

Kwa hiyo, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni zipu za kwapani. Ni zipu ndefu zinazofunguka kuanzia karibu na kiwiko hadi ubavuni, na ukizifungua, hewa huzunguka huku mkono wenyewe ukizuia mvua isiingie. Watengenezaji wa makoti mepesi sana huziondoa ili kupunguza gramu chache, na wanunuzi wengi hufurahia mizani bila kujua walichonyang'anywa. Mimi niko radhi kubeba gramu 40 za ziada kuliko kutembea ndani ya sufuria iliyofunikwa. Pasipokuwa na zipu hizo, angalau mifuko ya kifuani iwe na bitana ya wavu, ili ikifunguliwa hewa ipite.

Kuhusu namba, utakutana na mbili. Ya kwanza, kwa mfano 10,000 au 20,000, inaeleza urefu kwa milimita wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuihimili kabla hakijaanza kupenyeza, na hivyo 10,000 ni sawa na safu ya mita kumi. Kwa mtembeaji wa kawaida hiyo inatosha, ila mahali mkanda wa begi unapokandamiza bega, au unapokalia jiwe lililolowa, shinikizo huwa kubwa kuliko la mvua tupu, na hapo namba kubwa ina faida. Namba ya pili inaeleza gramu za mvuke zinazopita katika mita moja ya mraba kwa saa 24. Hiyo isikupotezee usingizi, kwa kuwa maabara hutumia njia tofauti za kupima, na namba ya kampuni moja haiwezi kulinganishwa kwa haki na ya nyingine.

Uzito nao una mpaka wake. Ninaposema jepesi, nina maana ya koti la gramu 250 hadi 350, yaani pungufu ya chupa ya maji ya nusu lita, linalokunjika hadi likaenea katika mfuko wake lenyewe. Faida ya koti la namna hiyo si kwamba ni la kisasa. Ni kwamba halitaachwa hotelini asubuhi jua linapowaka. Chini ya gramu 200 kitambaa huwa chembamba mno, na mtu anayebeba begi zito siku sita mfululizo ataanza kuona mabega ya koti yamechubuka. Kwa wapagazi wenzangu silipendekezi kabisa koti la aina hiyo. Mzigo wa kilo 20 begani au shingoni utalimaliza kwa msimu mmoja, na koti zito lenye kitambaa kigumu, hata kama ni la zamani, litamfaa zaidi mtu huyo. Poncho, lile vazi la mvua pana lisilo na mikono, inafunika mtu na mzigo wake na kupitisha hewa vizuri msituni, lakini kwenye uwanda wa wazi kuelekea kilele cha Kibo upepo huigeuza bendera.

Kisha kofia ya koti. Watu huijaribu wakiwa wamesimama mbele ya kioo, ilhali kofia inatakiwa kujaribiwa shingo ikigeuka. Ivae, ikaze kamba zake, kisha tazama kushoto kana kwamba unamwita mtu aliyebaki nyuma. Kofia nzuri inageuka pamoja na kichwa, na mbaya inabaki palepale ukajikuta unatazama bitana. Iwe na ukingo mgumu mbele wa kumwaga maji mbali na uso, na iwe na kamba nyuma ya kisogo ya kuipunguza. Kama wewe huvaa kofia ya sufu chini yake, nenda nayo dukani. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeshaona mgeni akiteleza na kuumia goti kwa kutoona jiwe lililokuwa upande wake, na koti lenyewe lilikuwa la bei ya kutisha.

Wengi wetu hatununui dukani, tunanunua katika masoko ya mitumba ya Moshi, Memorial au Kiboriloni, na sioni aibu kusema kwamba makoti yangu mawili bora yametoka kwenye mitumba. Ila mitumba ya koti la mvua ina mtego wake, maana kitambaa cha nje kinaweza kuwa safi kama jipya huku ndani kumekufa. Hivi karibuni nilishika koti la buluu lililokuwa juu ya rundo, na kijana aliyekuwa akiuza akaniambia, "Hilo halipitishi hata mate, kaka, hilo ni orijino." Niliomba nitazame ndani. Utepe uliobandikwa juu ya mishono ulikuwa umeachia kwenye bega la kulia na kujikunja kama ganda la muwa, na nilipousugua utando wa mgongoni kwa kidole gumba, ulitoka vipande vyembamba vyeupe vilivyobaki kwenye kucha. Nililinusa, nikakuta harufu kali ya uchachu ambayo anayeijua hawezi kuisahau. Tabaka la polyurethane huvunjika taratibu kwa unyevu, joto na mafuta ya mwili, na likishafikia hapo hakuna sabuni wala gundi itakayolirudisha. Utepe ulioachia peke yake unaweza kubandikwa upya, lakini utando unaobanduka ndio mwisho wa koti.

Koti la pili pale pale lilikuwa la kijani iliyopauka, lina doa la lami kwenye mkono, na hakuna aliyelitaka. Mishono yake yote ilikuwa na utepe ulioshika, pamoja na ile ya kofia ambayo viwanda hupenda kuiruka. Nilikusanya kitambaa cha mgongo kama bakuli, nikamimina maji kidogo kutoka kwenye chupa yangu, nikasubiri dakika tano tukiongea habari za mpira, kisha nikakandamiza upande wa chini kwa karatasi ya chooni. Ilibaki kavu. Nikaweka mdomo kwenye kitambaa na kupuliza kwa nguvu. Pumzi inayopita kirahisi huashiria koti la kuzuia upepo tu, wala si la mvua. Haikupita. Nililipa shilingi 25,000, na kijana yule alinicheka kwa kuacha la buluu.

Upande wa nje wa koti lile la kijani, hata hivyo, maji yalikuwa yanaenea badala ya kujiviringa na kudondoka. Hilo halikunitia hofu, na halipaswi kumtia hofu mnunuzi anayeelewa maana yake. Juu ya kitambaa cha nje huwekwa dawa ya kufukuza maji, nayo huisha kwa uchafu na msuguano. Ikishaisha, kitambaa cha nje hunywa maji, mvuke unakosa njia, koti linakuwa zito na baridi, na mvaaji anaapa kwamba linavuja ingawa utando ungali mzima. Makoti mapya yanahitaji uangalizi zaidi katika jambo hili. Kemikali za zamani zenye florini, ambazo hazivunjiki katika mazingira kwa vizazi, zimeanza kupigwa marufuku katika nguo, ikiwemo California na New York tangu mwaka 2025, na dawa zilizochukua nafasi yake huzuia maji vizuri lakini hushindwa na mafuta ya ngozi na moshi wa jiko.

Dawa yake ni kuosha, kinyume na wanavyoamini wenzangu wengi wanaojivunia koti lisilowahi kuguswa na maji ya beseni. Ninafunga zipu zote, ninaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na marashi, bila dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu hiyo huacha utando wa mafuta unaovuta maji. Ninalisuuza mara mbili zaidi ya ninavyoona inatosha, na kulianika kivulini. Likishakauka, na iwapo lebo yake inaruhusu pasi, ninalipitisha pasi ya joto dogo juu ya kipande cha kanga, kwani joto huiamsha dawa iliyobaki. Maji yakiendelea kuenea baada ya hapo, ninanunua dawa ya kupulizia inayouzwa kwa ajili ya makoti ya mvua na kulipulizia likiwa na unyevunyevu, hasa mabegani na kwenye kofia.

Kati ya safari na safari ninalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, likiwa kavu na zipu za kwapani zikiwa wazi. Lile la kwanza, lenye bei isiyotajika, nalo bado lipo; nililipeleka kwa fundi cherehani aliyenitobolea matundu ya kwapani na kuyawekea zipu na vifuniko vya kitambaa, kisha nikabandika utepe juu ya mishono yake kwa mkono wangu. Ninalivaa kila tunapopita msituni.