Maswali ya wasomaji: Akaunti yangu ya WhatsApp ilitekwa, nijilinde vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Morogoro. Hivi karibuni nilipata ujumbe kutoka kwa namba ya mwenzetu, akiniomba nimtumie tarakimu sita alizodai zimeingia kwenye simu yangu kwa bahati mbaya. Nilimtumia. Punde WhatsApp yangu ikajifunga, na jioni wanachama wakaanza kunipigia wakiuliza kama kweli ninaomba kukopeshwa fedha. Akaunti nimeirejesha, lakini sina amani. Je, simu yangu ina kirusi? Mtu huyo amesoma mazungumzo yangu yote? Na barua pepe yangu nayo iko salama?

JIBU: Dada Mweka Hazina, pole sana, na usijilaumu kupita kiasi, kwa kuwa ombi lilikuja kwa jina la mtu unayemwamini. Utapeli wa namna hii hauhitaji kirusi. WhatsApp humtambua mtumiaji kwa namba yake ya simu, na kila inaposajiliwa kwenye simu nyingine hutuma tarakimu sita kwenye namba hiyo ili kuhakikisha kwamba anayeisajili ndiye mwenye laini. Tapeli aliandika namba yako kwenye simu yake, tarakimu zikaja kwako, na kazi iliyobaki ilikuwa kukushawishi uzitoe. Yaelekea mwenzako alitekwa kabla yako kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana ujumbe ulitoka kwenye namba yake halisi.

Mazungumzo yako ya zamani hakuyapata, kwa sababu huhifadhiwa ndani ya simu yako na hayahami pamoja na namba. Hata hivyo, aliweza kuona makundi uliyomo pamoja na namba za wanachama, na kupokea kila ujumbe ulioingia wakati akaunti ikiwa mikononi mwake. Kwa hiyo kama yupo mwanachama aliyetuma picha ya kitambulisho katika saa hizo, mjulishe leo. Mkubaliane pia katika kikoba kwamba ombi lolote la fedha, au badiliko la namba ya kupokelea michango, halitekelezwi mpaka mhusika apigiwe na sauti yake isikike. Wengi wetu tumezoea kuupuuza ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaotoka kwa namba ngeni, lakini ukitoka kwa mweka hazina mwenyewe, nani ataushuku?

Sasa fungua Mipangilio ya WhatsApp, uingie sehemu ya Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Utachagua namba ya siri yako mwenyewe yenye tarakimu sita, ambayo haitumwi kwa ujumbe, na ambayo mtu hataweza kuikwepa hata akizipata zile tarakimu za usajili. Kuna matapeli wanaowahi kuiweka wao baada ya kuteka akaunti. Ikitokea hivyo mwenye namba hulazimika kungoja siku 7, ingawa tapeli huondolewa mara tu mwenye laini anapoingiza tarakimu mpya za usajili. Tazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe.

Swali lako la barua pepe ndilo ninalotaka ulitilie mkazo kuliko yote. Mtu akibonyeza "umesahau nywila" kwenye Facebook, Instagram au akaunti nyingine nyingi, kiungo cha kuweka nywila mpya hutumwa kwenye barua pepe, na aliyeishika barua pepe yako anaweza kuzichukua nyingine moja baada ya nyingine bila kukisia chochote. Barua pepe basi iwe na nywila yake peke yake, isiyotumika mahali pengine popote, kwa sababu nywila zinazovuja kutoka tovuti moja hujaribiwa na wadukuzi kwenye nyingine. Iwashie pia hatua ya pili, na kama unaweza, tumia programu ya uthibitishaji inayotengeneza tarakimu ndani ya simu yako badala ya kutegemea ujumbe mfupi.

Ninasema hivyo kwa sababu laini nayo huibwa. Mwezi Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyohiyo, ilitekwa baada ya wahalifu kuidhibiti namba yake ya simu. Kwetu Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo usikubali wakala akurudishe kuweka kidole mara ya pili na ya tatu bila maelezo, na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Simu ikipoteza mtandao ghafla huku za jirani zinafanya kazi, wasiliana na kampuni ya simu na benki yako papo hapo. Ujumbe mfupi wa kitapeli hutumwa kwenda 15040. Na mliotapeliwa mnaweza kufungua jalada polisi, mkiwa na picha za ujumbe na kumbukumbu za miamala, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu wa aina hii.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Tanga. Ofisini tunaagizwa kubadili nywila kila mwezi. Kuna faida?

JIBU: Mwalimu, kwa maoni yangu faida ni ndogo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka 2017 unaoshauri watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa ratiba, bali pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja, kwa kuwa mtu anayelazimishwa huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni mwa ileile ya zamani. Urefu una thamani zaidi: unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, yasiyo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na uyatumie kwa akaunti hiyo moja tu.