Maswali yenu: Kiturkmeni sio Kituruki, jamani

Wiki hii maswali mengi yamekuja kuhusu Waturkmeni, wale wa Turkmenistan huko Asia ya Kati, na karibu nusu yalikuwa lile lile moja, kwa hiyo naanza nalo nilimalize.

"Kiturkmeni si ni Kituruki tu cha kijijini?" (Mombasa)

Hapana, na hili swali nimeshalijibu mara nyingi mpaka nachoka, kabla ya kutuma pitieni majibu ya nyuma. Ni lugha mbili za tawi moja, tawi la Oghuz la familia ya lugha za Kiturki, na humo humo kuna Kiazabajani na Kigagauzi. Ni ndugu, sawa, ila kila ndugu ana jina lake. Mturuki akisema kitu kipo anasema *var*, Mturkmeni anasema *bar*. Kuwa ni *olmak* kwa Mturuki, *bolmak* kwa Mturkmeni. Mkate wa Mturuki ni *ekmek*, wa Mturkmeni ni *çörek*, na ukienda Istanbul ukaomba çörek utaletewa kitu kama andazi.

Halafu sikiliza matamshi. S na z za Mturkmeni zinatoka kama th ya thamani na dh ya dhahabu, yaani *söz* (neno) anaitamka karibu na "thödh". Na ana irabu fupi na ndefu zinazobadili maana: *at* fupi ni farasi, ukiivuta ni jina, na kwenye maandishi zote zinaandikwa vile vile. Mturuki wa leo hana vitu hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba swali hili linaulizwa na Waswahili, watu ambao wenyewe tumeambiwa miaka na miaka eti lugha yetu ni Kiarabu kilichovunjika kisa tunasema kitabu, habari, dunia na wakati. Mturkmeni naye anasema *kitap, habar, dünýä, wagt*. Tumekopa duka moja, sasa na sisi tuseme Kiswahili ni lahaja ya Kiturkmeni? Maneno ya kukopa hayampi mtu ruhusa ya kuifuta lugha ya mwenzake.

"Mke wangu ameshika Kituruki kwa kuangalia tamthilia, atamwelewa Mturkmeni?" (Dar)

Ataokota maneno. Mtu akiongea haraka yatampita.

"Waturkmeni wa Kirkuk kule Iraq ndio hao hao wa Turkmenistan?" (Muscat)

Hili ni swali zuri, asante. Jina ni moja lakini ni jamii tofauti, wa Iraq na wa Syria lahaja zao ziko karibu zaidi na Kiazabajani na Kituruki cha Uturuki, na wa Iraq wapo Sunni na wapo Shia. Wale wa Turkmenistan wengi ni Sunni wa madhehebu ya Hanafi, na ndugu zao hasa wako kaskazini mwa Afghanistan na kaskazini mashariki mwa Iran, sehemu za Gonbad-e Kavus. Huko ndiko utasikia Teke, Yomut, Ersari, makabila yale yenyewe. Ukisoma habari imeandikwa "Waturkmeni" tu, angalia kwanza ni wa wapi, maana nimeona watu wanachukua picha ya Tal Afar, mji wa Iraq, wanaandika chini yake Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan.

"Mbona naona lugha hii imeandikwa kwa herufi tofauti tofauti?" (Zanzibar)

Kwa sababu wenyewe hawakuachwa watulie. Waliandika kwa herufi za Kiarabu, na mashairi ya Magtymguly, yule mshairi wao mkubwa wa karne ya 18, yalinakiliwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wasovieti wakawapeleka kwenye Kilatini, mwaka 1940 wakawahamishia kwenye herufi za Kirusi, na baada ya uhuru wa 1991, kufika 1993, wakarudi Kilatini kipya ambacho mwanzoni kilikuwa na alama ya dola kama herufi ya "sh", kabla hawajaitoa wakaweka ş. Wa Iran wao wanatumia herufi za Kiarabu hadi leo. Sasa fikiria familia moja, barua ya babu mjukuu haisomi, na binamu aliye ng'ambo ya mpaka akiandika haeleweki ingawa wakipigiana simu wanaelewana. Na sisi je, ni wangapi humu wanaweza kusoma utenzi ulioandikwa na babu zao kwa herufi za Kiarabu? Kwa hiyo nyie mnaoleta mapendekezo ya kubadilisha tahajia ya Kiswahili kila mwaka, mimi simo kabisa.

"Asante wanasemaje?" (Nairobi)

*Sag boluň*. Kwa rafiki wa rika lako, *sag bol*.

"Nimeuziwa zulia la Bukhara, ni la Waturkmeni?" (Dubai)

Bukhara ni mji wa Uzbekistan ambako mazulia haya yaliuzwa, wafumaji walikuwa wanawake wa Kiturkmeni, soko likachukua sifa yao. Siku hizi mengi yanayoitwa hivyo yanatoka Pakistan. Pindua uone vifundo vya nyuma, na muuzaji akishindwa kukutajia limefumwa wapi usimlipe bei ya Ashgabat.

"Naweza kumwandikia mfanyabiashara wa Ashgabat kwa tafsiri ya simu?" (Kigali)

Google walikiongeza Kiturkmeni Februari 2020, pamoja na Kinyarwanda chenu. Kwa salamu inatosha, kwa mkataba usithubutu. Hakikisha hujabonyeza Kituruki, majina yamefuatana pale. Na usidondoshe alama juu ya herufi kwa uvivu wa kuandika, kwao *y* ni irabu na *ý* ndiyo y yetu ya yai. Mambo ya pesa muulize kwanza kama anasoma Kirusi, wengi kule wanakijua, halafu tafuta mtu anayekijua akuandikie.