Nimefeli somo lilelile mara mbili: ninunue makisio?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye SACCOS hapa Mwanza na natafuta CPA, cheti cha uhasibu cha kitaalamu. Somo la taarifa za fedha limenigomea mara mbili mfululizo, Mei na Novemba, ingawa mitihani ya nyuma ya miaka mitano nimeimaliza yote na majibu yake nayaelewa vizuri. Rafiki yangu ananishauri nihame tuisheni, nijiunge na kundi la Telegram linalouza makisio, yaani ubashiri wa maswali yatakayotoka, kwa shilingi 50,000. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tuisheni hama au usihame, hilo halina uzito. Kilichonishtua ni hayo maneno yako, "majibu yake nayaelewa". Kila baada ya matokeo ya Bodi ya wahasibu (NBAA) kutoka, wanaorudia wananiambia hivyohivyo, na nikiwapa karatasi tupu na kikokotoo wanaanza kunitazama usoni.

Kuelewa jibu lililokwisha kuandikwa hakukupi alama. Ukisoma swali huku suluhisho liko pembeni, macho yanateleza kutoka mstari hadi mstari, kila kitu kinaonekana chepesi, unatiki "nimemaliza". Kazi yenyewe, yaani kuamua uanzie wapi, amekufanyia mtu mwingine.

Chukua mikataba ya upangaji chini ya IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha. Kampuni imepanga jengo miaka 3, kodi shilingi 10,000,000 kwa mwaka, riba asilimia 10, malipo kila mwisho wa mwaka. Kigezo cha jedwali, yaani namba inayogeuza malipo yote matatu kuwa thamani ya leo, ni 2.487, kwa hiyo deni la kuanzia ni 24,870,000 na riba ya mwaka wa kwanza 2,487,000. Hilo wanalo kichwani wote. Sasa mtahini abadilishe neno moja tu: malipo ni kila mwanzo wa mwaka. Kodi ya kwanza imelipwa siku ileile ya kuanza, deni linabaki la malipo mawili, yaani 10,000,000 mara 1.736, ambayo ni 17,360,000. Riba ya mwaka inashuka hadi 1,736,000, huku haki ya kutumia jengo ikiingizwa kwenye mizania kwa 27,360,000, kwa sababu ile kodi ya kwanza nayo ni sehemu ya gharama yake. Aliyekariri anaandika 24,870,000 bila wasiwasi, anatoka chumbani akitabasamu, halafu anasema wamembania.

Basi mitihani hiyo ya miaka mitano uliyoimaliza, irudie. Safari hii suluhisho lifungie kabatini. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa alama, kwa hiyo swali la alama 20 ni dakika 36. Tega kengele ya simu; ikilia, kalamu chini. Ndipo utoe suluhisho na ujisahihishe kwa kalamu nyekundu, hatua kwa hatua, ukiandika pembeni alama ilipotelea wapi: hukulijua, hukulisoma swali, au muda ulikwisha. Magonjwa hayo matatu hayatibiwi kwa dawa moja. Wengi ninaowasahihishia wanaumwa hilo la tatu na wanajitibu la kwanza. Mizania imekataa kubalansi, mtu anakaa dakika 20 akiwinda shilingi 300,000, na swali la nadharia la alama 15 halijaguswa. Achana nayo. Onyesha hesabu zako wazi, uende mbele. Mtahini anaweza kukupa alama za njia hata kama tarakimu moja ya juu ulikosea, ila hawezi kusahihisha ukurasa mtupu.

Angalia pia umri wa daftari lako. IFRS 18, kiwango kipya cha uwasilishaji wa taarifa za fedha, inachukua nafasi ya IAS 1 kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza Januari 1, 2027 au baada ya hapo. Na ukiwa na somo la kodi kwenye orodha, kumbuka Sheria ya Fedha huja na mabadiliko kila Julai. Daftari la Mei linaweza kukuponza Novemba. Tazama maelekezo ya Bodi kuhusu sheria na viwango vitakavyotahiniwa kipindi chako.

Sasa hao wa makisio. Nimeshaletewa orodha zao za kutosha. Mada 12 kati ya zilizomo kwenye mtaala zinaitwa "moto", na hesabu za kundi la kampuni ndizo za kwanza. Kubashiri hizo zitatoka ni sawa na kubashiri mvua ya masika Aprili. Wajanja zaidi hufungua makundi kadhaa, kila moja na orodha yake, mtihani ukipita, makundi yaliyokosa yanafutwa, picha za lililopatia zinasambazwa zimeandikwa "tulisema!" Wateja wao wakubwa ni ninyi mnaorudia, kwa kuwa mmechoka, mna aibu ofisini, na ada ya mtihani mmeshailipa tena.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaodai wana pepa yenyewe. Mara nyingi ni mtihani wa zamani uliobadilishwa tarehe, na ukishatuma pesa namba haipatikani. Ikitokea ni kweli, hapo ndipo pabaya zaidi: ukikutwa nayo unaweza kufutiwa matokeo, na hata yule aliyekuuzia anaweza kugeuka akaendelea kukudai pesa kwa vitisho, kwa sababu jina lako, namba yako ya simu na muamala wako anavyo.