Swali la lugha: Kompyuta inaainisha miamba, au inaipanga katika makundi?

Msomaji wetu wa Mtwara anatafsiri ripoti ya kisima cha gesi. Ametuletea sentensi moja: “Mfumo hufanya tafsiri ya kujiendesha ya takwimu za uchimbaji wa chini ya ardhi kwa kuainisha vishada.” Anauliza kama “kuainisha” limekaa mahali pake.

Halijakaa, na tofauti yake ni kubwa. Kuainisha ni kukitia kitu katika aina ambayo tayari inajulikana. Mwanafunzi huainisha maneno ya sentensi kwa sababu amekwisha kufundishwa nomino ni nini na kitenzi ni nini. Programu inayoelezwa katika ripoti hii haikufundishwa aina yoyote ya mwamba.

Tuangalie kazi yenyewe. Baada ya tundu kuchorongwa, yaani kutobolewa kwa mtambo, vifaa hushushwa ndani kwa waya na kupima mionzi ya gama, ukinzani wa umeme, msongamano wa mwamba na mengineyo. Kwa kawaida kipimo huchukuliwa kila baada ya sentimita 15 hivi, kwa hiyo mita 1,000 za kisima hutoa zaidi ya mistari 6,500 ya namba. Programu hulinganisha mistari hiyo, inayokaribiana ikawekwa pamoja. Ni kama mtoto asiyejua kusoma anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi: mafungu yatakuwa sahihi, ila jina la soda hakuambii. Mwishoni unapata kundi la 1, la 2, la 3, na mara nyingi hata idadi ya makundi hayo imechaguliwa na mtu.

Uainishaji huanza pale mjiolojia anapoyatazama makundi. Kundi lenye gama nyingi huenda likawa mwamba wa tope, kwa kuwa madini ya udongo hubeba potasiamu na thoriamu. Lenye gama kidogo huenda likawa mwamba wa mchanga. Lakini kuna kundi jingine ambalo si mwamba kabisa. Mahali ambapo kuta za tundu zimemomonyoka na kipenyo kimepanuka, kifaa cha msongamano hupima tope la kuchorongea, yaani majimaji mazito yanayojaza tundu, badala ya jiwe, na programu hukusanya mistari hiyo yote na kuipa kundi lake. Ukiandika kwamba kompyuta “imeainisha miamba mitano”, umemwambia msomaji kwamba tundu lililobomoka ni mwamba wa tano. Hapo neno moja limepotosha ripoti nzima.

Kwa hiyo andika “kupanga katika makundi”. “Vishada” siungi mkono. Najua kishada ni fungu la vitu vilivyoshikana, na mtu anaweza kulitetea, lakini kwa watu wengi wa pwani kishada ni kile watoto wanachorusha angani siku ya upepo. “Kundi” linaeleweka kwa kila mtu.

“Uchimbaji wa chini ya ardhi” nao una mtego. Mtu wa Geita au Mererani akisoma maneno hayo ataona wachimbaji wakishuka mgodini. Watu wa fani Tanzania wana neno lao, kuchoronga: kutoboa tundu jembamba na refu kwa mtambo unaozungusha ncha yake. Ni neno zuri na lina kazi, tulitumie. “Kuchimba kisima” si kosa, na Kenya ndivyo wengi wanavyosema hata kwa visima vya mvuke vya Olkaria, ila baada ya kisima huhitaji tena kuongeza “chini ya ardhi”.

Kuhusu “tafsiri”, sitamkataza mtu. Tunatafsiri sheria na tunatafsiri matokeo ya hospitali, na lugha haijaharibika. Lakini msomaji huyu ni mfasiri, na ripoti yake itataja tafsiri ya lugha pia. Ni heri atenganishe. Kufasiri ni kutoa maana ya jambo lililofichika, kama Yusufu alivyofasiri ndoto za Farao katika Biblia. Vipimo vya kisima hufasiriwa.

“Takwimu” hutokana na kuhesabu na kuchakata; namba zilizotoka moja kwa moja kwenye kifaa ni vipimo, au data. Na “kujiendesha” linafaa gari au mtambo. Kwa jambo kama kufasiri, kitenzi chenye mtendaji hutosha, kwa sababu tukishasema ni programu inayofanya, uotomatiki umekwisha kueleweka. Kiswahili hupumua kwenye vitenzi, na sentensi ya awali ilivibana vyote kuwa majina.

Ningeiandika hivi: “Programu hupanga vipimo vya kisima katika makundi kwa kadiri vinavyofanana, ili kumrahisishia mjiolojia kazi ya kufasiri miamba iliyochorongwa.”

Uangalie na jedwali la ripoti. Safu inayotoka kwenye programu iitwe “Kundi”, na iwepo safu ya pili, “Aina ya mwamba”, itakayojazwa baada ya mjiolojia kulinganisha makundi na sampuli za mawe. Pale kipenyo cha tundu kilipopanuka, safu hiyo ya pili iandikwe “tundu limebomoka”.