Mkuu, usimpelekee huyo fundi siti yako Jumamosi

Umeuliza mambo manne: siti ya pikipiki yako ya Boxer 150 inayokuumiza kila mwezi ukienda Iringa, mikono kufa ganzi, shokapu za nyuma kulegea, na kama mto wa jeli una faida. Nimeyasoma yote, lakini nimekwama kwenye sentensi yako moja. Kwamba fundi atatoa sponji lote la zamani, ataweka la godoro inchi nne, na Jumamosi unampelekea siti. Usimpelekee. Nakuomba sana.

Mimi nilipeleka. Pikipiki kama yako, barabara hiyohiyo ya Dar kwenda Iringa, na maneno niliyoambiwa ndiyo hayohayo uliyoambiwa wewe.

Nilikuwa nikifika Morogoro, hata nusu ya safari sijamaliza, makalio yanawaka moto. Kwenye kundi moja la waendesha pikipiki jamaa akaniambia dawa ni godoro, yeye kashabadilisha na anakaa kama yuko sebuleni. Nikamwamini. Miezi baadaye ndipo nikagundua safari yake ndefu kuliko zote ni Mbagala hadi Posta! Mtu wa kilomita 15 anamshauri mtu wa kilomita 500, tena kwa kujiamini namna ile. Mpaka leo nikiliona jina lake linaniudhi.

Fundi naye alikuwa mshonaji wa makochi na siti za daladala. Mshono wake ulikuwa mzuri, umenyooka, hilo simnyimi. Akang'oa pini, akavua kava, akashika kisu cha kukatia mkate na kuanza kunyofoa sponji kutoka mbele kurudi nyuma. Chenga za njano zikajaa miguuni kwake. Nikamuuliza, hili la zamani si tulitunze? Akanijibu, "La nini bosi, hili limeshakufa."

Halikufa. Nililishika kwa mkono wangu. Lilikuwa limebonyea sehemu mbili tu, kila moja upana wa kiganja, pale mifupa inapokaa. Kingo zake zote zilikuwa bado ngumu, ukizibinya zinarudi palepale. Likaingia kwenye kiroba cha taka nikiwa natazama, nikalipa elfu 35 na asante juu.

Siti mpya nilipoikalia pale bandani nilizama vizuri mno. Mkuu, hapo ndipo tunaponaswa wote. Unaijaribu dakika mbili, pikipiki imesimama, unatabasamu.

Sikiliza kinachotokea barabarani. Sponji la godoro la bei ya chini ni jepesi, sehemu kubwa ni hewa. Mwili wako unakaa juu ya mifupa miwili, ile unayoisikia ukikaa kwenye kigoda. Ile mifupa inalididimiza sponji mpaka inakutana na plastiki ya chini. Wakati huohuo sponji la katikati na la pembeni, ambalo halijabeba uzito, linabaki juu na kukukaba kwenye msamba na ndani ya mapaja. Mishipa ya damu na ya fahamu inapita hukohuko. Kwa hiyo unapata mabaya mawili kwa mpigo: mifupa juu ya plastiki na miguu iliyokufa ganzi. La kiwandani linamiminwa kwenye kalibu kwa umbo la siti yenyewe, ni zito, na ugumu wake unaouchukia ndio unaokuzuia usizame ukaigusa plastiki.

Chalinze nilishaanza kujigeuzageuza. Morogoro nilikunywa chai nimesimama. Nikaingia hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita katikati ya wanyama kilomita kama 50 na si mahali pa kuegesha ukanyooshe miguu, nikawa naendesha nimesimama juu ya vikanyagio, nakaa kidogo, nasimama tena. Nilipotoka upande wa pili vidole vya mguu wa kushoto nilikuwa sivisikii kabisa.

Ruaha Mbuyuni nikapunguza mwendo nisimame pale kwa kina mama wauza vitunguu. Siti ilikuwa imepanda inchi mbili kuliko ilivyokuwa. Nikatoa mguu wa kushoto kama ninavyoutoa siku zote, ardhi haikuwa pale mguu ulipozoea kuikuta, na mguu wenyewe haukuwa na nguvu ya kunishika. Nikaenda chini na pikipiki yangu, zaidi ya kilo 100, juu ya kifundo cha mguu. Mama mmoja akatupa ungo wa vitunguu akaja kuninyanyulia pikipiki. Mkono wa klachi ulikatika. Mlima wa Kitonga niliupanda nikiwa ndani ya lori, mguu umevimba hauingii kiatuni, siku 11 sikufanya kazi. Siti nyingine Kariakoo elfu 85. Na asije mtu hapa kuniambia nilikuwa mgeni wa pikipiki, nilikuwa na miaka saba barabarani bila kuanguka hata siku moja.

Nilimrudia fundi na ile siti. Aliibonyeza kwa ngumi, akasema, "Utaizoea." Hata pole hakunipa!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu yeyote: sponji la kiwandani halitolewi. Linaongezewa, linazibwa, linanyooshwa, lakini linabaki chini.

Siti yangu ya sasa ilifanywa hivi, na fundi mwingine. Alichimba zile sehemu zilizobonyea tu. Akajaza kwa sponji gumu, lile la vipande vilivyosagwa vikagandishwa pamoja, lenye rangirangi, akalibana kwa gundi na kulisawazisha mpaka kiganja kikipita hakisikii kiungio. Kisha akanyoosha ule mteremko wa mbele, maana siti inayoteremka inakusukuma kwenye tangi kila ukishika breki, na hapo ndipo msamba unapoumia. Nyuma, pale unapokaa, akapanua kidogo kila upande ili mapaja nayo yabebe uzito. Laini aliweka inchi moja tu, juu kabisa. Chini ya kava akatandika nailoni, kwa sababu mvua inapenya kwenye matundu ya mshono na sponji likishanyonya maji halikauki upesi.

La muhimu kuliko hayo yote, kava halikupigwa pini siku hiyo. Tulilifunga kwa kamba za mpira nikaenda nayo Chalinze na kurudi. Kurudi nikamwambia upande wa kulia unanichoma, akakwangua kidogo, nikaenda tena. Safari ya pili ndiyo pini zikapigwa. Fundi akikataa kukupa hiyo nafasi, chukua siti yako uondoke.

Na kabla hujamlipa, panda umevaa viatu vyako vya safari. Nyayo za mbele za miguu yote miwili ziguse chini kwa uhakika. Zisipogusa, apunguze palepale.

Mto wa jeli weka kando kwanza, ukiacha pikipiki juani unapata moto vibaya. Mimi juu ya kava natandika ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, inapitisha hewa na jasho halitulii.

Leo ni Alhamisi. Mpigie fundi simu sasa hivi, mwambie Jumamosi huji. Kama siti tayari iko kwake, ifuate, na ulikute lile sponji likiwa bado halijaguswa kisu. Kisha piga picha siti ikiwa imevuliwa kava, uiweke hapa nione limebonyea wapi.